Futi na Tovuti ya Mdogo Wake

Mtaa mzima ulimwita Futi, na yeye jina hilo hakulipenda hata siku moja. Alikuwa fundi wa mapazia, mwanamke wa miaka arobaini na minane, mwembamba, mwenye miwani inayomtelemka puani na futi ya kitambaa shingoni tangu anafungua duka mpaka anafunga. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chini ya jengo la ghorofa tatu: meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili, majora ya vitambaa yamesimamishwa ukutani, na pasi ambayo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Dirisha la mteja alilipima juu, katikati na chini. Mwenye nyumba akiguna, Futi alimwambia kuwa hakuna dirisha lililonyooka duniani, ila kuna mafundi wasiopima. Kesho yake alirudi akapima tena.

Kazi yake haikuwa na mpinzani. Pazia la Futi lilishuka kutoka kwenye fimbo mpaka sakafuni bila kuyumba, marinda yamelingana, na pindo lake ungelipapasa kutwa usikute uzi uliotokeza. Kila mtu alilijua hilo. Lakini kulijua jambo ni kitu kimoja na kulisema ni kingine, na watu wa mtaa ule, kwa alivyoona Futi, sifa zao walimwekea mtu mwingine.

Mtu huyo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Walimwita Kicheko. Alikaa na dada yake dukani miaka tisa, akafundishwa yote tangu kutunga uzi kwenye sindano, kisha miaka miwili iliyopita akaaga vizuri, akapewa cherehani na baraka, akafungua duka lake mtaa wa pili, karibu na benki. Futi ndiye aliyembebea ile cherehani mpaka mlangoni. Alilia siku hiyo, na machozi yalikuwa ya kweli. Asichokitegemea ni kwamba mdogo mtu angepata wateja, tena kwa kucheka tu. Kicheko akiingia nyumba ya watu, kabla hajatoa futi mkobani, ameshajua mtoto yupi anaumwa jino, ameshamaliza kikombe cha chai, na bibi aliyenuna tangu mwaka juzi ameshika mbavu. Mapazia yake yalikuwa ya kawaida. Siku moja Futi alipita chini ya dirisha aliloshonea mdogo wake, akainama barabarani akijifanya anafunga kiatu, akalipima pindo kwa macho. Upande mmoja ulipanda kwa upana wa kidole. Alikwenda zake amefurahi, na jioni akaionea haya furaha hiyo.

Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe asingesema: ulikuwa wivu. Alimpenda mdogo wake na alimwonea kijicho, vyote viwili ndani ya moyo mmoja, na wala havikugombania nafasi.

Habari ya tovuti aliipata kwa jirani. Mlango wa pili kulikuwa na duka la mama mmoja wa kompyuta, aliyekuwa akiwachapia watu barua, akipiga picha za vitambulisho, na siku hizi akitengeneza tovuti. Watu walimwita Mama Chapa. Jumatatu asubuhi alikuja kwa Futi kuomba uzi mweusi wa kifungo, akasema huku akiutafuta mezani, "Mdogo wako alipita kwangu Jumamosi. Anataka tovuti ya mapazia. Bado anatafuta jina."

"Jina? Kwani majina aliyo nayo hayamtoshi?"

"Jina la tovuti, mwenzangu. Lile mtu analoandika akikutafuta mtandaoni. Likiwa refu watu wanakosea, likiwa kama la wengine wanalisahau. Nimemwambia asikurupuke."

Miaka yote Futi alikuwa akisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na aliisema zaidi methali hiyo anapopita mbele ya mabango ya wenzake. Asubuhi ile ilimkauka mdomoni.

"Ya kwake inatoka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Basi yangu itoke kabla."

Mama Chapa alimtazama kidogo, akaketi. Alikuwa na utaratibu wake, na hakumsajilia mtu jina bila kuupitia. "Chagua majina matatu. Leo uwatajie watu kumi. Usiwaandikie, wataje kwa mdomo tu. Alhamisi uwarudie, uwaulize wanakumbuka lipi. Lililobaki kwenye vichwa vya wengi, hilo ndilo jina. Mtu akipenda jina mbele yako hiyo ni adabu tu. Akilikumbuka siku ya tatu, hapo ndipo pana kazi."

Futi alifunga mlango nusu saa akatunga. Alipata Ufahari wa Madirisha. Akapata Mapazia Bora ya Kisasa. La tatu, lililomtoa jasho, likawa Nuru na Kivuli. Aliyahesabu herufi zake zote, na kwa kuwa ni Futi, aliyahesabu mara tatu. Kisha akatoka. Alimtajia muuza dawa, alimtajia fundi viatu, alimtajia msusi na wanawake wawili waliokuwa kitini kwake. Akaenda hadi kwa mlinzi wa benki, hatua chache tu kutoka duka la mdogo wake, akamtajia kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Wote walisifu. Alirudi dukani mguu mwepesi, akashona mapazia mawili kabla ya chakula cha mchana.

Alhamisi alizunguka tena.

"La kwanza lilikuwa Ufahari wa… wa…" Muuza dawa alikuna kichwa. "Ngoja. Ni dawa ya macho?"

Mlinzi wa benki aliapa kwamba alikuwa anayakumbuka yote mpaka jana yake. Fundi viatu alisema la tatu lilikuwa zuri sana.

"Lipi hilo la tatu?" Futi akauliza.

"Hilo hilo la tatu," akasema fundi viatu, akaendelea kugonga kisigino.

Msusi alikuwa na mikono miwili kichwani mwa mteja. "Mwenzangu, nisikudanganye. Nilipofika nyumbani nikamwambia mzee, Futi anafungua tovuti. Akaniuliza inaitwaje. Nikasema sijui, kitu kama Mapazia ya Kicheko. Kwani kwa nini usichukue hilo? Hilo mtu hasahau hata umwamshe usingizini."

"Mapazia ya Kicheko," akasema mteja kutoka chini ya mikono, kisha akacheka peke yake. "Zuri, jamani."

Futi alisimama pale kama aliyemwagiwa maji. Mpaka anamaliza mzunguko, watu watatu kati ya kumi walikuwa wamemtajia jina ambalo yeye hakuwatajia, na jina lenyewe lilikuwa lile lile. Majina yake matatu yalikuwa yamekufa yote. Miaka ishirini na mitano ya kupima madirisha ya watu hawa, alijiambia, nimewasitiri walale uchi wao bila kuonwa na jirani, na kichwani mwao hamna nafasi yangu hata ya neno moja! Njia nzima roho ilimuuma kiasi kwamba alipishana na binamu yake asimwone.

Hakuingia dukani kwake. Alipitiliza kwa Mama Chapa.

"Mapazia ya Kicheko. Angalia kama lina mwenyewe."

Mama Chapa aliandika, akangoja. "Halina."

"Nisajilie."

"Kwa jina la nani?"

"La kwangu. Nani aliyemfundisha?"

Mama Chapa alitoa mikono kwenye kompyuta, akaiweka mapajani. "Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi simo." Kisha akaichukua kazi akaifanya, kwa sababu kazi ni kazi. "Unataka kulifungia tu asilipate, au litumike?"

Futi alikuwa amekuja na nia ya kulifungia. Lakini jina lilikuwa pale kwenye kioo, fupi, linang'aa, na akaliona kama kitambaa kizuri kilichokwisha kukatwa. "Litumike. Weka picha, weka namba yangu."

Akakimbilia dukani, akafungua bahasha ya picha za kazi za zamani, akachomoa nane za juu. Miwani ilikuwa mezani kwake na aliiacha hapo hapo. Huyu ndiye mwanamke aliyepima kila kitu mara tatu.

Jumatatu iliyofuata simu zikaanza. "Kicheko?" waliuliza. "Ndiyo, hapa ni Mapazia ya Kicheko," alijibu Futi. Hakusema mimi ni Kicheko. Alijishika sana na tofauti hiyo, na akalala nayo vizuri siku mbili za kwanza. Nyumba tatu zilimwita ndani ya wiki moja.

Ya kwanza ilikuwa ya mkunga mstaafu, mwanamke mnene aliyeishi peke yake kwenye nyumba yenye dirisha la kujikunja, pande tano zilizozunguka kona ya sebule. Dirisha kama hilo fundi anakutana nalo mara mbili maishani. Futi aliliona akataka kuliendea moja kwa moja, akakumbuka amekuja kwa jina la nani. Akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Akaulizia watoto. Akaulizia meno yao. Akacheka, "Ha ha," peke yake katikati ya sebule.

"Unaumwa?" akauliza mkunga.

"Hapana, mama. Nimefurahi tu."

"Furaha gani hiyo, mwanangu? Kaa chini." Mkunga alimkagua juu mpaka chini. "Wewe siye Kicheko. Kicheko alikuja hapa mwezi uliopita. Alilitazama dirisha hili, akaniambia, mama, hili siliwezi, hili ni la dada yangu, wala usimpe mtu mwingine. Akaniandikia namba kwenye karatasi, na karatasi nikaipoteza. Nikasema nimtafute yeye mtandaoni anipe tena. Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye huyo dada," akasema Futi.

"Ah! Sasa mbona ulikuwa unanichekea hivyo?"

Futi aligeukia dirisha. Alitoa futi shingoni akaanza kupima. Alipima pande zote tano juu, katikati na chini, akaandika, akapima tena, na uso wake ulikuwa umeelekea kioo. Ungedhani aibu ingemtosha. Aibu ilikuwepo, ndiyo, lakini ule wivu nao haukutoka, ulisogea tu ukaipisha ikae. Hata kwa roho nzuri amenishinda, aliwaza. Hata hiyo.

Alijiambia atairudisha tovuti kesho. Kesho ikawa na kazi nyingi. Kesho kutwa akasema Jumatatu. Jumamosi Kicheko mwenyewe akaingia dukani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Kicheko alivuta kigoda, akaketi karibu na meza ya kukatia, pale pale alipokaa miaka tisa. "Nimeibiwa, dada. Mama Chapa alinipa mtihani wa jina, nikaenda kwa watu kumi kama alivyoagiza. Nane walikumbuka. Mapazia ya Kicheko. Nilifurahi nikashindwa kula. Narudi kulisajili, naambiwa lina mwenyewe. Namuuliza nani, anasema yeye hayumo."

Futi alikuwa anapiga pasi bitana. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema, na alipaona, pana kama mlango. Akaisukuma pasi mbele.

"Watu wana roho mbaya," akasema.

Pasi ilisimama juu ya kitambaa, harufu ya kuungua ikapanda, na Futi akaiondoa upesi. Alama ya kahawia ilibaki. Alikuwa hajaunguza kitambaa tangu ujana.

"Ni kweli," akasema Kicheko polepole. "Kikulacho ki nguoni mwako." Alitoa simu yake, akaifungua, akaisukuma mezani mpaka ikamgusa dada yake mkononi. "Hii picha ya tatu, unaikumbuka? Chumba cha kusubiria wagonjwa, kule zahanati. Vaa miwani, dada. Pazia la kushoto."

Futi alivaa miwani. Pindo la pazia la kushoto lilikuwa limepanda upande mmoja, kwa upana wa kidole.

"Lile nililishona mimi mwaka wangu wa pili," akasema Kicheko. "Ulikuwa kitandani na homa, ukaniambia nipeleke kazi ya watu. Hukuliona. Mimi niliogopa kukuambia, na kila nikipita zahanati naangalia pembeni. Basi juzi nimefungua tovuti ya mwizi wangu, nakutana na pindo langu."

"Kwa hiyo ulipoingia hapa ulikuwa unajua."

"Nilijua. Nilitaka nisikie utasemaje."

Futi aliketi. Alijua kinachotakiwa ni kuomba msamaha, lakini kilichotoka ni kingine, na kilitoka kwa sauti iliyomfanya mpita njia asimame mlangoni. "Nimekufundisha mimi! Miaka tisa! Naingia nyumba za watu naulizwa, Kicheko hajambo? Napeleka pazia halina kasoro, wananiambia asante, mlango unafungwa. Wewe unapeleka pindo linapanda ukuta, wanakubembeleza ukae kula! Nimezunguka mtaa mzima na majina matatu niliyoyatolea jasho, na watu wamenitajia la kwako. Ndiyo, nimelichukua. Nimekuonea wivu na nimelichukua."

"Na unadhani mimi nacheka kwa raha?" Kicheko naye alisimama. "Nacheka ili wasitazame pindo! Kila nyumba nikimaliza natoka mbio, naogopa siku utakayopita chini ya dirisha nililoshonea ukainua macho. Mimi nimekuonea wivu tangu siku ya kwanza uliponipa sindano. Nikashindwa kufanana na wewe, nikatafuta changu. Wewe una mikono, dada. Mimi nina mdomo tu. Ukinichukulia na huo, nibaki na nini?"

Futi alivua miwani akaiweka mezani. Aliwahi kuyapima madirisha ya mji mzima, na huyu aliyekaa mita moja kutoka kwake miaka tisa hakuwahi kumjua upana wake. Na hata hapo, nisimsafishe, kuna kidonda fulani ndani yake kilichofurahi kusikia kwamba alikuwa anaonewa wivu.

"Nitakurudishia Jumatatu," akasema.

"Leo."

"Leo."

Walikwenda pamoja mlango wa pili, hawashikani mikono wala hawaongei. Mama Chapa aliwatazama wote wawili, akavuta kiti cha pili. Namba ya simu ilibadilishwa saa hiyo hiyo, na jina likaandikishwa upya kwa mwenyewe. Kicheko aliondoa picha za dada yake zote, akaibakiza ile ya tatu. Futi alimpa majina ya nyumba mbili alizokwisha kuitwa kwa hila. Nyumba ya mkunga, Kicheko aliikataa kwa kutikisa kichwa.

"Lile silimudu. Maliza mwenyewe," akasema, na akaondoka bila kuaga vizuri.

Hazikuwa siku nzuri zilizofuata. Mdogo mtu hakupita dukani wiki mbili. Watu waliokwisha kuandika namba ya zamani waliendelea kupiga, wengine mara mbili mbili, na kila simu Futi aliipokea mwenyewe, maana hakuwa na wa kumsingizia. Kuwaambia kwamba wamekosea namba kungekuwa rahisi. Alijilazimisha kusema yote.

Asubuhi moja alikuwa juu ya ngazi sebuleni kwa mkunga, anatundika kipande cha tano cha lile dirisha la kujikunja, simu ikalia mfukoni. Aliipokea akiwa ameshikilia fimbo kwa mkono wa pili. Ilikuwa sauti ya mwanamke mchangamfu.

"Kicheko?"

"Hapana, mama. Mimi ni dada yake. Namba hii haikuwa yake, niliiweka mimi kwenye tovuti yake kwa hila. Nikupe ya kwake?"

"Nipe, mpenzi. Nimesifiwa sana mapazia yake. Subiri nitafute kalamu." Droo zilisikika zikifunguliwa na kufungwa. "Haya, nimepata. Na wewe je, dada mtu? Unashona shona?"

Futi alitazama kipande cha tano kikishuka, kikakaa sawa na vile vinne, pindo lake na la mwenzake yakigusa sakafu kwa pamoja. Chini ya ngazi mkunga alikuwa amekunja mikono anastaajabu. Jibu lilimjaa mdomoni, jibu la miaka ishirini na mitano, na lilikuwa chungu.

"Kidogo," akasema, akaanza kumtajia namba ya mdogo wake, tarakimu moja moja, na alipofika mwisho akairudia yote, yule mama asije akakosea.